Miaka mitatu kwa mwalimu wa baleti wa binti yangu: ninacholipia ni jicho lake

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ngara, Nairobi, mwaka wa 19 huu, na mteja akiingia mlangoni huwa nimeshaona bega lipi limeshuka kabla sijashika futi. Nalisema hili mwanzo ili msomaji ajue nimeitazama kazi hii kwa macho gani, maana baleti sikuikulia. Kwetu Mombasa ngoma nilizozijua ni chakacha na lelemama, na mtoto alijifunza kwa kusimama nyuma ya shangazi zake akaiga. Kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kumfunza mtoto kusimama, kusimama tu, miaka na miaka, hilo nimelijua kwa sababu ya binti yangu.

Ana miaka 12 sasa. Mwaka wa tatu huu anafunzwa na mama mmoja aliyevuka sitini, katika ukumbi wa kanisa upande wa Lavington, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Mwalimu ameniomba nisiandike jina lake. Daftari lake la wanaosubiri nafasi limejaa, na hapendi kuwakatalia watu kwenye simu. Lakini alinipa ruhusa nieleze kazi yake, na wazazi wenzangu wameniuliza mara nyingi kama pesa ninazotoa zinarudi. Zinarudi. Naandika haya wale wanaotafuta mwalimu, popote walipo, wajue la kutazama.

Kabla yake tulikuwa kwingine. Sitapataja. Binti alikuwa na miaka tisa, hata mwaka mmoja wa mafunzo hajamaliza, wakamvisha viatu vya pointi, vile vyenye ncha ngumu ya kusimamia vidole, tena vilivyokwisha kuvaliwa na mtoto mwingine, kwa ajili ya tamasha la kufunga mwaka. Mimi nilifurahi. Nilipiga picha nikawatumia dada zangu wote. Baada ya wiki tatu kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, na akishuka ngazi za nyumbani alishuka kwa ubavu, ameshika ukuta. Daktari akampumzisha wiki sita. Nilipokwenda kuwaeleza, nikaambiwa baleti ni maumivu, mtoto ajizoeze. Nikamtoa siku hiyo hiyo, na ada ya muhula haikurudi.

Kwa mwalimu huyu tulielekezwa na mteja wangu niliyekuwa namshonea gauni la harusi. Siku ya kwanza nilidhani atamwambia mtoto acheze kidogo amwone. Hakumwambia. Alimwambia avue soksi, asimame kama anavyosimama akingoja matatu. Akamzunguka taratibu, kimya, mikono nyuma. Zilipita kama dakika tano na mimi moyo unanidunda. Kisha akapiga magoti, mama wa umri ule, magoti juu ya mbao, akaweka vidole viwili nyuma ya goti la mtoto.

"Hapa umefunga komeo," akamwambia. "Tutafungua."

Akanigeukia. "Mama, goti la huyu linarudi nyuma kupita mstari. Mtu wa haraka ataliona akasema mguu mzuri huo, na kweli jukwaani unapendeza. Lakini akisimama amelifunga hivi, uzito wote unaangukia nyuma ya goti na kwenye kisigino. Ukimweka juu ya vidole akiwa hivi, atakaa juu ya mifupa, misuli haifanyi kazi." Nikamuuliza viatu vya pointi atavirudia lini. Akasema tuzungumze baada ya miaka miwili au mitatu.

Miaka mitatu! Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini usiku nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe ninavyowaambia wateja wa kitambaa cha pamba kipya: kikate leo bila kukilowesha, ukakifue kesho uone. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba mguu wa mtoto wa miaka tisa bado una sehemu za gegedu zisizogeuka mfupa, na unaendelea kukomaa mpaka katikati ya ujana. Walimu makini hungoja angalau miaka 11 au 12, na umri peke yake hautoshi. Mtoto awe amefunzwa miaka kadhaa mfululizo, tumbo na mgongo vimkamate, kifundo cha mguu kiweze kunyooka mpaka mguu uwe mstari mmoja na muundi, na aweze kupanda na kushuka kwa mguu mmoja bila kuyumba. Asiyefika hapo, hata akiwa na miaka 15, hapandi.

Ukumbini kuna picha tatu ndogo amezitundika mwenyewe kila akija, kisha huzitia mkobani akiondoka, kwa sababu ukuta ni wa kanisa. Nilizitazama wiki nyingi kabla sijauliza. Katika ufundi wetu swali la kwanza kwa fundi mgeni ni moja: ulifunzwa na nani? Nikamuuliza hivyo hivyo. Alifurahi sana, nadhani hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza.

Picha ya kwanza ni ya mzee wa Kiitaliano, Enrico Cecchetti, aliyezaliwa Roma mwaka 1850, tena ndani ya nyumba ya tamthilia, kwa maana wazazi wake walikuwa wachezaji. Alikwenda Urusi akacheza, akafundisha, akamnoa Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa Kirusi, akawafundisha wachezaji wa kundi la Diaghilev, Mrusi aliyeipeleka baleti ya kwao Ulaya, kisha akafungua shule London na mwisho akarudi Milan kufundisha La Scala, nyumba ya opera ya huko, hadi alipofariki 1928. Alipanga mazoezi kwa siku za juma: Jumatatu ina yake, Jumanne ina yake, ili mwili wa mwanafunzi usibaki na upande ambao haujaguswa wiki nzima.

Ya pili ni mama wa Kirusi mwenye uso mzito, Agrippina Vaganova. Hadithi yake ndiyo mwalimu wetu anaipenda kuliko zote, na nimeisikia mara tatu au nne. Alizaliwa 1879, akaingia jukwaa la Mariinsky, ukumbi mkuu wa baleti wa St. Petersburg, mwaka 1897. Hakuwa na umbo lililopendwa zama zile. Miaka mingi alipewa vipande vifupi vya kucheza peke yake, na alivicheza vizuri hata wakamwita malkia wa vipande hivyo, lakini cheo cha balerina, yaani mchezaji wa kike wa mbele, hakukipata mpaka 1915. Mwaka uliofuata akastaafu. Fikiria, umeitafuta kazi miaka 18, umeipata, muda umekwisha. Mwaka 1921 akaanza kufundisha katika shule ile ile aliyosomea. Na kwa sababu mwili wake haukumpa kitu bure, alikuwa ameshakaa miaka yote akijiuliza kila hatua inafanyikaje: nguvu inatoka wapi, mgongo unausaidiaje mkono, mkono unausaidiaje mruko. Mwaka 1934 akaandika kitabu cha mbinu zake. Alifariki 1951, na tangu 1957 shule ile ya Leningrad, leo St. Petersburg, inaitwa kwa jina lake.

Picha ya tatu ni ya mwanafunzi wa Vaganova, Galina Ulanova, aliyemaliza shule mwaka 1928. Huyu alikuwa nyota kwelikweli. Lakini picha aliyoichagua mwalimu si ya jukwaani. Ulanova amekaa kwenye kiti, mzee, amejifunga skafu, anamtazama mtu ambaye hayumo pichani. Alipoacha kucheza mwanzoni mwa miaka ya 1960 alibaki Bolshoi, kundi kubwa la Moscow, akiwanoa wengine mpaka alipofariki 1998. Mwenzake Marina Semyonova, naye wa Vaganova, alikuwa bado anafundisha Bolshoi amevuka miaka 90.

"Unaona?" mwalimu aliniambia. "Kucheza ni miaka ishirini ukijaliwa. Hii nyingine ni maisha."

Yake mwenyewe alinisimulia vipande vipande, nikimngoja binti avae viatu. Alizaliwa Nairobi. Alianza katika ukumbi kama huu huu, akiwa na miaka saba, kwa mwalimu wa kikoloni aliyebaki baada ya uhuru. Akapata nafasi ya kusoma Uingereza, akacheza miaka 11 katika makundi madogo ya kuzunguka miji, safu ya nyuma, wale wasichana 16 wanaosimama mstari mmoja hata pumzi wanavuta pamoja. Hakuwahi kupewa nafasi ya mbele. Akaumia kano ya kisigino, akarudi mapema mno, akaumia tena. Kwa huzuni ile akajiandikisha kusomea ualimu. Nilimuuliza kama safu ya nyuma haikumuuma. Akasema ukiwa nyuma unamwona kila mtu, na usiku baada ya usiku, miaka 11, anamtazama mchezaji wa mbele yule yule akipatia au akikosea mahali pale pale, mpaka akawa anajua kosa litakuja kabla halijaja.

Hilo ndilo ninaloliona likifanya kazi Jumamosi asubuhi.

Darasa la watoto wa umri wa binti yangu lina watoto 14, wavulana wawili. Linaanza kwenye fito, ile fimbo ndefu ya mbao wanayoishika kwa mkono mmoja. Majina yote ni ya Kifaransa, kwa sababu fani hii iliwekewa sheria Paris, Mfalme Louis XIV alipounda chuo chake cha dansi mwaka 1661, na leo mtoto wa Nairobi na wa Tokyo wakisikia plie wote watakunja magoti. Plie, tandu (mguu unateleza mpaka unyooke), rondi ya mguu (kidole kinachora nusu duara sakafuni), kisha mguu unaanza kuinuka. Saa moja na robo. Muda mrefu wa kipindi kile mtu wa nje ataona watoto wanateleza kidole sakafuni mbele, upande, nyuma, upande. Nilichoka kutazama wiki za mwanzo. Sasa sichoki.

Nieleze mara moja ninachokiona. Mguu unapoteleza kwenda mbele, kisigino kinatakiwa kitangulie na kidole kifuate, na ukirudi, kidole kitangulie. Mtoto akigeuza hilo, paja linageukia ndani, nyonga inapanda, bega la upande wa pili linashuka kusawazisha. Mzazi anaona bega. Mwalimu wa kawaida atasema "inua bega", mtoto atainua, na kosa litahamia shingoni. Huyu wetu haligusi bega hata siku moja. Anakwenda moja kwa moja kwenye kisigino. Nami najua hilo ni kweli kwa sababu blauzi inayovuta shingoni, mara nyingi ukataji umekosewa kwapani.

Na hasemi mengi. Mtoto mmoja kwa kipindi anapata maneno mawili au matatu ya kusahihishwa. Mwingine akisahihishwa, wote wanatakiwa wajisahihishe. Aliyesahihishwa wiki iliyopita ataulizwa wiki hii: "Nilikwambia nini?" Ana daftari lenye jina la kila mtoto na tarehe. Binti yangu ana kurasa tisa. Goti, goti, goti, pumzi, macho, goti, kidole gumba cha mkono. Siku alipoandika "goti limeelewa" binti alilipiga picha lile neno, na bado liko kwenye simu yangu.

Mkono wake anapomgusa mtoto huwa anaomba kwanza. "Naweza?" Mtoto akitikisa kichwa kukataa, hamgusi, anamwonyesha kwenye mwili wake mwenyewe. Wazazi wanaotafuta mwalimu, litazameni hilo.

Sasa ukocha, maana huo ni kazi nyingine ingawa mtu ni yule yule. Mwalimu anajenga mwili. Kocha anachukua mwili uliokwisha kujengwa na ngoma iliyokwisha kutungwa, akavioanisha. Jumamosi baada ya darasa letu huwa anamnoa kijana mmoja wa miaka 17 anayejiandaa kwa majaribio ya kuingia shule ya nje. Watu Nairobi wakisikia baleti humtaja Joel Kioko, kijana wetu aliyefika English National Ballet School ya London, au Mike Wamaya aliyewafundisha watoto Kibera ndani ya darasa la shule, madawati yamesogezwa kando. Kwa hiyo kijana huyu anajua njia ipo. Mwalimu aliniruhusu nikae nyuma nishone pindo huku nikitazama.

Kipande chake kina urefu wa dakika moja na nusu hivi. Dakika 40 za kwanza hakucheza hata hatua moja ya kipande. Alikuwa anaingia. Anatoka pembeni, anatembea mpaka katikati, anasimama, anangoja muziki. Mwalimu anasema, "Rudi." Anatoka tena. "Rudi. Umeingia kama mtu anayeomba radhi." Anatoka tena. "Rudi. Sasa unaingia kama mwenye nyumba, lakini nyumba si yako, ni ya mfalme, wewe ni mgeni wa heshima. Unaingiaje?" Mara ya nane au ya tisa kijana aliinua kifua kidogo tu, labda upana wa kidole, akapunguza mwendo, na mimi sindano ikasimama mkononi. Ukumbi ulikuwa ule ule, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, lakini alikuwa ameingia mtu mwingine.

Mwalimu hakumsifu. Akasema, "Umeisikia?" Kijana akasema ndiyo, mwalimu. "Basi usiipoteze." Ndipo muziki ukawekwa.

Nikafikiria kujaribisha gauni. Gauni limekwisha kushonwa, halina kasoro, lakini mwenye gauni bado hajalivaa, limemkalia tu. Unafumua hapa nusu inchi, unambana pale, unamwambia anyooke, na ghafla linakuwa lake. Hakuna kitabu kitakachokufunza ni nusu inchi ipi. Mwalimu ananiambia ndivyo ilivyo kwao pia: mambo mengi ya jukwaani hayajaandikwa, yanatoka kwa aliyecheza kwenda kwa atakayecheza, mkono kwa mkono. Alexander Pushkin, mwalimu wa Leningrad aliyewafundisha Rudolf Nureyev na Mikhail Baryshnikov, nyota wawili wa baleti, alimchukua Nureyev akaishi nyumbani kwake na mkewe. Nilipomuuliza kama kocha lazima awe mzazi pia, alijibu, "Kwa mtoto wa mbali, nani mwingine?" Kijana yule hula chakula cha mchana kwake kila Jumamosi. Sikuambiwa, nimeona bakuli.

Mitihani ni ya Royal Academy of Dance, chama cha London kilichoanzishwa 1920. Kuna gredi 1 hadi 8, na juu yake ngazi za wanaotaka kuifanya kazi. Mwalimu lazima awe amesajiliwa na chama ndipo aweze kuingiza watoto, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza usajili, na asione haya. Mtahini anatoka nje, hamjui mtoto, mtoto ana namba kifuani na nywele zimefungwa fundo nyuma. Binti alifanya gredi ya tatu mwaka jana akafaulu daraja la kati. Mwalimu hakuipandisha bei darasani kwa sababu ya mtihani, ila ada ya mtihani yenyewe unalipa, na si ndogo. Pia hawalazimishi. Watoto watatu hawakufanya, na hawakusukumwa nyuma ya fito kwa hilo.

Gharama zetu ni hizi: muhula wa wiki 12, mara mbili kwa wiki, shilingi 26,400, unalipwa kabla ya wiki ya pili. Kipindi cha mtu mmoja cha nusu saa ni 2,500. Kwa fundi wa Ngara hizo ni pesa nyingi, nazitenga kwenye sare za shule za Januari.

Yapo yasiyonifurahisha, na nimemwambia mwenyewe kabla ya kuandika. Ukumbi hauna pa kubadilishia nguo, wasichana wanabanana chooni, na kwa watoto wanaoingia ujana hilo si sawa. Muziki unatoka kwenye spika ndogo inayokatika. Darasa la baleti linastahili piano, mtu anayemwona mtoto amechelewa akamngoja, na mwalimu anakubali ila mpiga piano hajampata kwa bei tunayoweza. Wiki za mitihani ratiba hubadilika na ujumbe huja usiku, nasi tunaopanda matatu mbili hatuwezi kugeuka haraka kama wenye magari. Na punguzo la mtoto wa pili hakuna. Hilo nadhani alifikirie upya, kwa sababu najua familia moja iliyomwacha mvulana nyumbani ikamleta dada yake peke yake.

Sakafu lakini ni nzuri. Mbao zinazobonyea kidogo, juu yake zulia la plastiki analolikunjua mwenyewe. Pale tulipotoka watoto walirukia saruji yenye vigae.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye viatu. Soksi ndefu na viatu vya baleti vya kawaida ni vya waridi, rangi iliyochaguliwa kuendana na ngozi ya watu wa huko ilikoanzia, ili mguu uonekane mstari mmoja kuanzia kiunoni mpaka ncha. Kwa mtoto mweusi waridi unaukata mguu vipande viwili. Mwalimu hakutaka waridi. Wiki ya pili tu alinipa soksi jozi 14 na karatasi ya rangi. Ni yeye aliyeniambia habari za Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeingia New York City Ballet mwaka 1955, na baada ya Martin Luther King kuuawa mwaka 1968 akaona kazi yake iko Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Mwaka 1969 akaanzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na Karel Shook, aliyekuwa mwalimu wake. Wachezaji wao ndio waliovaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao, kila mmoja na yake. Viatu vya pointi vya kahawia vya kiwandani vilichelewa mno. Kampuni ya viatu ya Freed ya London ilianza kuvitoa 2018, ikishirikiana na kundi la Ballet Black. Miaka mingi kabla ya hapo wasichana walipaka vya waridi fandesheni ya uso.

Soksi zile nilizitia rangi jikoni kwangu, chai nzito kwa wengine, kahawa kwa wengine, chumvi kidogo, nikazining'iniza barazani. Kila mtoto alinyoosha mkono wake tukalinganisha. Nilipowaona wamesimama kwenye fito Jumamosi iliyofuata, miguu mirefu mstari mmoja, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kidogo.

Mwezi wa Machi mwaka huu mwalimu alimwita binti pembeni. Akamwambia apande juu ya nusu kidole, yaani kisigino juu na vidole vyote sakafuni, mguu mmoja, mara 16, ahesabu yeye mwenyewe. Kulia alifika. Kushoto alifika 12 akayumba. "Bado," mwalimu akasema. "Juni." Binti alilia ndani ya matatu mpaka Westlands. Sikumwambia kitu. Juni akaitwa tena, akafika 16 kote kote, na goti halikurudi nyuma hata mara moja. Mwalimu akaandika kitu daftarini, akanipa karatasi ya vipimo.

Kiatu cha pointi nilikitamani kukiona kwa karibu, na sasa ninacho mezani. Jozi moja, ya kahawia, shilingi 11,500. Hakina kulia wala kushoto, vyote ni kimoja. Ncha yake haina ubao wala chuma kama watu wanavyodhani. Ni tabaka za gunia, karatasi na gundi, zimekaushwa mpaka zikawa ngumu, juu yake satini imevutwa na kukunjwa vikunjo vidogo vidogo chini ya ncha, kazi ya mkono, nzuri hata nilivihesabu. Kiatu hushonwa ndani nje kisha kinageuzwa. Utepe na lastiki haviji vimeshonwa, kila mchezaji anashonewa kwa mguu wake. Kwa hiyo kazi ikaja kwangu. Nilishona usiku, uzi wa meno kwa sababu ndio usiokatika, mishono midogo, nimekunja kisigino ndani nikaweka utepe pembeni pale kinapokunjika, kama nilivyoelezwa.

Jumamosi mwalimu akakitia mkononi, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu. "Mshono mzuri sana, mama." Kisha akatoa mkasi mdogo mkobani akaufumua utepe wa kushoto wote.

Nilibaki nimesimama. Akaniita karibu, akamvalisha binti, akakunja mguu wake. "Tazama hapa. Upinde wa mguu wake wa kushoto uko nyuma kidogo kuliko wa kulia. Ukiuweka sawa na wa kulia, utepe utamvuta mbele ya kifundo, kisigino kitatoka akipanda." Akaweka alama kwa penseli, upana wa kidole nyuma ya mshono wangu wa kwanza. Nilikuwa nimempima mtoto wangu mwenyewe miaka 12 na sikuwa nimeliona hilo. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikashona upya pale pale, naye amenishikia kiatu.

Binti akafunga, fundo likaingizwa ndani. Akaenda kwenye fito, mikono miwili. Mwalimu akapiga magoti kando yake kama siku ile ya kwanza, macho usawa wa kifundo. Hakukuwa na muziki. "Plie. Panda." Alipanda. Mwalimu akahesabu hadi nane, taratibu, halafu akaushusha mkono wake sakafuni.

"Shuka. Basi kwa leo."